Padre Aliyeandikwa Katika Wafu

Huko Uingereza kuna kitabu kinachopigwa chapa kila mwaka tangu mwaka 1864, nacho kazi yake ni moja tu, kueleza habari za mchezo wa kriketi. Kinaitwa Wisden, kwa jina la yule aliyekianzisha, John Wisden, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji. Ndani yake mna hesabu za kila mchezo mkubwa: nani alicheza, alipata mbio ngapi, alitolewa na nani. Tena mna orodha ya wachezaji waliofariki dunia katika mwaka uliopita. Wenye kuupenda mchezo ule hukiamini kitabu hiki kama sisi tunavyoliamini daftari la ubatizo. Jambo likiisha kuandikwa humo, huhesabiwa kuwa limethibitika.

Katika toleo la mwaka 1915 liliandikwa jina la padre mmoja, Archibald Hugh Conway Fargus, ya kwamba alikufa baharini tarehe 1 Novemba 1914, alipozama pamoja na manowari ambayo yeye alikuwa padre wake. Kumbe padre huyu hakufa. Siku ile hakuwamo hata melini. Aliishi baada ya hapo karibu miaka 49.

Habari hii ni rahisi kuisimulia kwa kucheka, nami sikatazi kucheka. Lakini nimeifikiri mara nyingi kwa sababu nyingine, nayo nitaieleza. Kwanza tumjue mtu mwenyewe.

Alizaliwa tarehe 15 Desemba 1878. Baba yake, Frederick John Fargus, alikuwa dalali wa mnada katika mji wa Bristol, ila moyo wake ulikuwa katika kuandika. Huyu baba alipokuwa kijana alitamani sana bahari, akatiwa katika meli ya shule iitwayo Conway, iliyokuwa ikifunga nanga katika mto Mersey karibu na Liverpool. Hakuwa baharia; alirudi kwao akashika kazi ya mnada. Lakini jina la meli ile hakulisahau, na alipoanza kutunga hadithi alijiita Hugh Conway. Mwaka 1883 alitoa kitabu kilichoitwa Called Back, yaani Aliyeitwa Arudi, nacho kilinunuliwa kwa wingi sana hata jina lake likajulikana kila mahali. Hakupata kuifurahia sifa hiyo muda mrefu. Mwaka 1885 alishikwa na homa ya matumbo, akafa huko Monte Carlo, umri wake miaka 37. Mwanawe Archibald alikuwa mtoto wa miaka sita. Hivyo mtoto huyu aliachiwa na baba yake, pamoja na mambo mengine, jina la meli.

Alipokuwa kijana akasoma katika chuo kikuu cha Cambridge, akaichezea kriketi timu ya chuo, na tena timu ya wilaya yake ya Gloucestershire, ambayo ndiyo wilaya ya W. G. Grace, mchezaji aliyekuwa na sifa kuliko wote katika siku zile. Kwa wale ambao hawajauona mchezo huu, nieleze kwa maneno machache. Mmoja hutupa mpira, na mwenzake wa upande wa pili husimama na gongo mbele ya vijiti vitatu, akivilinda. Mpira ukiviangusha vijiti, au mpira alioupiga ukidakwa hewani, mpigaji hutoka, na mwingine huingia mahali pake. Kila upande una watu 11, na wakitolewa 10 zamu yao imekwisha. Katika michezo mikubwa kila upande hupata zamu mbili, kwa hiyo wa kutolewa ni 20 kwa jumla. Basi mwaka 1900, katika mchezo wake wa kwanza kwa Gloucestershire, juu ya watu wa Middlesex, katika kiwanja cha Lord's huko London, Fargus peke yake aliwatoa wapigaji 12, nao wakapata kwake mbio 87 tu. Ni jambo kubwa kwa mchezaji ye yote, sembuse kijana asiyejulikana. Watu waliona nyota imezuka.

Lakini mwaka uliofuata ndio uliokuwa wa mwisho kwake katika timu ya wilaya. Akaweka wakfu maisha yake kwa kazi ya upadre, kisha akawa padre katika manowari za Kiingereza.

Kazi hii ya upadre wa manowari ina desturi moja ninayoipenda sana, na sharti niitaje ingawa inanitoa njiani kidogo. Padre wa jeshi la nchi kavu hupewa cheo, akavaa nyota mabegani kama maofisa wengine. Padre wa manowari za Uingereza hana cheo. Huhesabiwa kuwa sawa na mtu yule anayesema naye: akisema na nahodha ni kama nahodha, akisema na mtia makaa ni kama mtia makaa. Hachukui silaha. Siku ya vita mahali pake ni chini, pamoja na mganga, mahali wanapoletwa waliojeruhiwa, na huko chini hakuna mlango wa kutorokea. Kwa hiyo padre huenda akafa bila kuona nje kunafanyika nini.

Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, manowari nyingi za zamani zilitolewa katika akiba na kupelekwa baharini upesi. Mojawapo ilikuwa hiyo Monmouth, iliyoshushwa majini mwaka 1901. Mabaharia wake wengi walikuwa watu wa akiba, wavuvi na walinzi wa pwani wa Uskochi, watu waliokuwa wameacha utumishi wakarudi katika nyavu zao na watoto wao. Walikuwamo pia vijana wanafunzi wa ubaharia, ambao hawajaota ndevu. Fargus naye aliitwa arudi melini. Sipendi kuchezea majina, lakini msomaji ataona mwenyewe ya kuwa maneno haya ndiyo jina la kile kitabu cha baba yake. Akasafiri kwenda bandarini, akakosa gari la moshi. Alipokuwa hajafika, Monmouth ikang'oa nanga ikaenda zake. Wakubwa wakampeleka katika meli nyingine.

Hiyo ndiyo habari yote ya kuokoka kwake. Hakuota ndoto, wala hakusikia sauti. Gari liliondoka naye hayumo.

Wasomaji wa pwani yetu wanajua ya kuwa vita vile vilifika mpaka milangoni petu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, ikaizamisha, na baadhi ya mabaharia wake wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji. Wiki sita baadaye yakatokea makubwa kuliko hayo katika bahari iliyo upande wa pili wa dunia, mbele ya pwani ya Chile, karibu na mji wa Coronel.

Admirali Sir Christopher Cradock alikuwa akiwatafuta Wajerumani. Alikuwa na meli nne: Good Hope, aliyopanda mwenyewe, na Monmouth, na Glasgow, na Otranto, ambayo ilikuwa meli ya abiria iliyotiwa mizinga. Manowari nyingine nzee iitwayo Canopus, yenye mizinga mikubwa, ilikuwa inakuja nyuma, lakini ilikuwa ya mwendo wa pole, na siku ile ilikuwa mbali sana kwa upande wa kusini. Mjerumani, Admirali Graf von Spee, alikuwa na Scharnhorst na Gneisenau, manowari mpya zaidi zenye mizinga minane mikubwa kila moja, na watu waliozoezwa pamoja kwa muda mrefu. Walikutana jioni ya tarehe 1 Novemba, upepo ukivuma kwa nguvu na mawimbi yakipanda juu. Mizinga mingi ya Waingereza ilikuwa imewekwa chini, karibu na maji, na kwa ajili ya mawimbi haikuweza kutumika vema.

Waingereza walikuwa upande wa magharibi. Jua lilipokuwa bado juu ya maji liliwapiga Wajerumani machoni, na von Spee akajiepusha, akingoja. Jua likatua. Ndipo meli za Waingereza zikaonekana nyeusi mbele ya anga jekundu, kama vivuli ukutani, na za Wajerumani zikafichwa na giza la upande wa bara. Saa moja ya jioni hivi mizinga ikaanza kulia. Muda wa saa moja haukupita kitambo ila Good Hope ikalipuka, ikazama na Admirali na wote waliokuwamo. Monmouth ilikuwa inaungua, imeinama, maji yakiingia kwa mbele. Glasgow ikakaribia kuisaidia, lakini haikuwa na la kufanya. Ikaona heri iende kuwaonya Canopus. Ikaiacha Monmouth gizani. Hata karibu saa tatu ya usiku manowari ndogo ya Kijerumani, Nürnberg, ikaikuta. Monmouth haikuweza tena kupiga mzinga, lakini bendera yake ilikuwa ingali juu, wala haikushushwa. Nürnberg ikaipiga kwa karibu mpaka ikapinduka. Kwa mawimbi yale haikuteremshwa hata mashua moja.

Katika meli hizi mbili walikufa watu kama 1,600. Hakuokoka hata mmoja. Upande wa Wajerumani waliojeruhiwa walikuwa watatu.

Inasimuliwa ya kuwa von Spee alipoingia katika bandari ya Valparaiso, Wajerumani wakaao huko walimpokea kwa shangwe na kumpa maua, naye akasema yatafaa kwa kaburi lake. Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule, katika visiwa vya Falkland, Waingereza walimkuta kwa manowari zenye nguvu zaidi. Akazama yeye na Scharnhorst yake, na watoto wake wawili wa kiume wakafa siku hiyo hiyo katika meli nyingine, Heinrich katika Gneisenau, na Otto katika ile Nürnberg. Na manowari iliyoizamisha Nürnberg ilikuwa Kent, iliyotengenezwa kwa mfano mmoja na Monmouth. Watia makaa wake walitupa motoni meza na viti na kila kilichokuwa cha mti, ili waipate. Wajerumani waliokufa siku ile walikuwa zaidi ya 1,800. Wapo waliosema, "Hiyo ndiyo haki." Mimi nawafikiria wale mama wa Scotland na wale mama wa Ujerumani, nami siwezi kulitamka neno hilo.

Sasa, meli ikizama na watu wote, orodha ya waliopanda huwa ndiyo orodha ya waliokufa. Si ajabu basi kwamba jina la padre lilichukuliwa pamoja na mengine. Alikuwa padre wa Monmouth, Monmouth haikuacha mtu, hesabu ikafungwa. Wenye kitabu cha kriketi wakaandika kwa heshima, wakataja mchezo wake wa kwanza mzuri pale Lord's, wakampumzisha.

Hapa ndipo moyo wangu unaposimama. Katika kanisa la mtaa wetu, miaka kadhaa iliyopita, mtu mmoja alileta shukrani ya jogoo na mayai, akasimama mbele ya watu kutoa ushuhuda. Kulikuwa na mashua iliyopinduka na kuzamisha watu, naye alikuwa amekata shauri kusafiri nayo, ila alicheleweshwa na mtu aliyekuwa akimdai. Akasema, "Mungu alinitoa katika kifo kwa kuwa nina kazi ya kumfanyia." Watu wakapiga vigelegele. Katika benchi la tatu alikaa mjane ambaye mumewe alikuwamo katika mashua ile. Alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo kilichofungwa. Wimbo ulipoanza hakusimama, nami nikaona jirani yake akimgusa kiwiko asimame, kana kwamba amesahau adabu.

Sisemi mtu yule asitoe shukrani. Angekosaje kushukuru? Mtoto wake hakufanywa yatima. Jogoo wake alikuwa halali. Lakini kushukuru ni jambo moja, na kueleza sababu ni jambo jingine, na mimi naona katika ushuhuda wetu mara nyingi tunaruka kutoka la kwanza mpaka la pili bila kuangalia ni nani anayesikiliza. Tukisema fulani aliokolewa kwa kuwa ana kazi, tumekwisha sema juu ya wengine bila kuwataja: hao hawakuwa na kazi. Wale wavuvi 1,600 na makarani wa meli na wapishi na wanafunzi, hawakuwa na kazi? Bwana wetu aliulizwa habari za namna hii. Waalimu wanakumbuka wale watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na jinsi alivyokataa kuwahesabu kuwa wakosaji kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Akakataa kabisa hesabu ya namna hiyo, wala hakuweka nyingine mahali pake.

Kwa hiyo nampenda padre huyu kwa sababu ambayo labda mwenyewe asingeipenda: kuokoka kwake hakuna sifa hata kidogo. Kama angebaki nyuma kwa kumwuguza mgonjwa, tungeifanya hadithi ya Jumapili. Kama angechelewa kwa ulevi, tungesema neema. Amekosa gari tu, kama akosavyo mtu ye yote mwenye mzigo mzito na saa mbovu. Hakuna mahali pa kushika ili tumpandishe juu ya wale waliozama. Tena wale waliozama ndio waliokuwa watu wake. Padre asiye na cheo, ambaye hulingana na kila asemaye naye, alikuwa amekwisha wekwa awe wa wavuvi wale, akae chini pamoja na waliojeruhiwa. Yeye alikuwa hai katika meli nyingine, na orodha ilipotangazwa, kila jina lilikuwa la mtu ambaye yeye ndiye aliyepaswa kumsomea sala.

Hakuacha kazi. Hilo laonekana kwangu kuwa jambo la kuangaliwa. Angeweza kusema bahari imemwonya. Alipelekwa katika meli nyingine naye akaenda, na meli hiyo nayo ilikuwa ya chuma kama Monmouth, na bahari ilikuwa ile ile, na vita vilibaki miaka minne.

Mwaka 1963, tarehe 6 Oktoba, Archibald Fargus akafariki kweli, mzee wa miaka 84. Wenye Wisden hawakuandika neno. Waliandikaje, na katika vitabu vyao alikuwa amekwisha kufa tangu alipokuwa mtu wa miaka 35? Basi mtu aliyekuwa na taarifa ya kifo bila kifo, akapata kifo bila taarifa. Kosa lile lilikaa katika kurasa miaka 79. Wachezaji waliokuwa watoto siku zile wakazeeka, timu zikabadilika, ile Monmouth ikawa chuma chakavu chini ya bahari ya Pasifiki, na kitabu kikaendelea kusema vile vile. Hata toleo la mwaka 1994 ndipo walipotia habari zake upya, wakaeleza ya kwamba padre alikosa gari la moshi, hakuipata meli, na kwamba tarehe yake ya kufa ni nyingine.

Wenye kutunza madaftari ya makanisa watajua ni kazi gani kufuta jina katika orodha ya wafu baada ya wino kukauka. Kwa Fargus ilifanywa kwa mistari michache midogo. Majina ya wale wa Monmouth yamechorwa huko Plymouth, katika mnara wa ukumbusho wa mabaharia, juu ya kilima kinachotazama bahari: wavuvi, watia makaa, na wale vijana wanafunzi.